BARUA YA WAZI KWA BABA ASKOFU WANGU: KABLA SIJASAINI HIZO MILIONI 15

Mhashamu Baba Askofu,

Tumsifu Yesu Kristo.

Nakuandikia hadharani kwa sababu kwa faragha nimeandika mpaka nimechoka. Barua ya kwanza nilimpa katibu wako mkononi nilipokuja likizo, akaniambia Baba yuko kwenye ziara ya kipaimara. Nyingine nilituma kwa imeili na najua zilifika maana moja ilijibiwa, na jibu lenyewe lilisema ujumbe umepokelewa, tuzidi kuombeana. Basi nimeomba sana Baba. Leo naomba uniruhusu niongee.

Mwezi uliopita walifika wageni nyumbani kwa mama yangu, mapadri wawili na mzee mmoja wa halmashauri ya walei. Mimi ndiye mlalamikaji, niliyekuandikia kwamba padri mmoja alinidhulumu kingono nikiwa mtoto kwenye seminari yako ndogo, namba yangu ofisini kwako ipo, lakini hawakunipigia. Walimfuata mama, mjane, mgonjwa wa presha, mwanamke ambaye anafagia kanisa la kigango tangu sijazaliwa, wakasali naye fungu moja la rozari halafu wakatoa karatasi. Eti ni mkono wa pole. Shilingi milioni 15. Mama hajawahi kuona hela hiyo, akanitumia picha ya ile karatasi WhatsApp akiwa hajui alie au ashukuru, akaniuliza mwanangu hii ni nini.

Ngoja nikukumbushe mlichoandika kama ulisaini bila kusoma. Inasema jimbo linatoa hela hii kwa moyo wa huruma na bila kukiri kosa lolote. Inasema familia haitalipeleka suala hili polisi wala mahakamani. Halafu inakuja ile iliyoninyima usingizi, kwamba mimi na ndugu zangu hatutaizungumza habari hii kwa mtu yeyote, kwa njia yoyote, milele. Milele Baba Askofu! Hata ndoa mnatufungisha mpaka kifo tu, hii yenu inaendelea hadi mbinguni.

Na mama aliambiwa asaini kwa niaba yangu. Mimi mtu mzima mwenye watoto wawili.

Nilikuwa bado natafuta namna ya kujibu kistaarabu ndipo kwenye grupu la waliosoma seminari ikaingia kadi ya mchango. Jubilei ya miaka 25 ya upadri ya huyohuyo aliyeniumiza, singo elfu 50, dabo elfu 80, na picha yake anacheka. Wenzangu wakaanza kuandika majina na kiasi, mmoja akanitag kabisa, kaka wa Marekani usituangushe. Sikuandika kitu. Sherehe ikafanyika, video ikaja, nimeitazama usiku baada ya kazi na nimemsikia Mhashamu kwa sauti yako mwenyewe ukimwita baba wa vijana, halafu ukatangaza kwamba kuanzia Januari anakwenda kuwa mlezi kwenye sekondari ya jimbo, ile ya bweni. Wamama wakapiga vigelegele. Hawajui. Wewe unajua, barua zangu unazo.

Hapo ndipo uvumilivu wangu ulipoishia, na ndio maana leo unasomwa na watu wote.

Kwa nini mmempeleka shuleni sijui. Nadhani ni kwa sababu mapadri hawatoshi, au kwa sababu anajua kuongea na wafadhili wa Ulaya na lile bwalo la seminari ni yeye aliyelitafutia hela, au labda kuna mtu pale ofisini alikwambia yule kijana wa Boston tumeshamalizana naye. Kama ni hilo la mwisho, hatujamalizana.

Kwa wasionijua. Naishi Massachusetts, nje kidogo ya Boston, kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani kwao, kubeba boksi mnavyoita huko. Mungu ana mambo yake, katika dunia nzima alinileta kuishi kwenye mji ambao habari hizi za mapadri kudhulumu watoto ndiko zilikopasukia. Mzee mmoja ninayemhudumia alikuwa mtumikiaji wa altareni akiwa mtoto, na alilipwa kwenye ule mgawo wa mwaka 2003. Jimbo kuu la Boston lilitoa dola milioni 85 kwa watu 552, kila mmoja akapata kati ya dola 80,000 na 300,000 kulingana na alivyotendewa. Yaani walikaa watu wakapima, wewe uliumizwa kwa 80,000, wewe kwa 300,000. Mzee alinunua gari, akalipa madeni, nyingine akamsaidia dada yake. Nilimuuliza siku moja kama ile hela ilimpa haki (ameniruhusu nisimulie, jina tu nisitaje). Akacheka. Akasema gari ilishaoza. Kilichomsaidia yeye, ndivyo alivyoniambia, ni siku alipoona kwenye faili la yule padri barua ya mama mmoja aliyelalamika miaka kabla yeye hajaguswa, akajua kwamba hakuwa muongo wala kichaa na kwamba wakubwa walijua na wakamhamisha tu parokia.

Hayo mafaili hayakutolewa kwa huruma ya mtu. Jaji ndiye aliyeamuru, na gazeti la Boston Globe lilikuwa limeomba mahakamani, na Januari 2002 likaandika kwamba ndani ya miaka kumi jimbo kuu lile lilikuwa limelipa kimya kimya watu waliolalamikia mapadri wasiopungua 70. Sabini Baba. Kila aliyelipwa alidhani yuko peke yake kwa sababu kila mmoja alifungwa mdomo na karatasi kama ile mliyompelekea mama yangu. Kwa hiyo zile hela za mwanzo hazikuleta haki yoyote, ndizo zilizowapa wale mapadri muda wa kuendelea na watoto wengine. Kardinali Law, Askofu mkuu wa Boston wakati ule, alijiuzulu Desemba 2002, halafu 2004 akapewa kanisa kubwa Roma, Santa Maria Maggiore, na mwaka 2005 akaingia kumchagua Papa. Waliolipwa dola 80,000 walimtazama kwenye TV.

Sasa usije ukaniambia hayo ni ya Boston. Tazama Los Angeles. Mwaka 2007 walikubali kulipa dola milioni 660 kwa watu 508, na watu wakaahidiwa kwamba mafaili nayo yatatoka. Hela ilitoka. Mafaili yakapiganiwa mahakamani mpaka Januari 2013, ndio kurasa kama 12,000 zikaonekana, na Askofu mkuu Gomez akamwondoa mtangulizi wake, Kardinali Mahony, kwenye majukumu ya hadharani. Miaka mitano na zaidi kati ya cheki na ukweli! Hebu jiulize kipi kilikuwa kigumu kwao kukitoa. Na Mahony naye Machi ya mwaka huohuo alikwenda konklave, kumchagua Papa. Oktoba 2024 jimbo kuu hilohilo limekubali tena dola milioni 880 kwa watu 1,353, ukigawa bila kukata chochote ni kama dola 650,000 kwa kila kichwa, lakini mawakili nao wana fungu lao na huku fungu la wakili mara nyingi ni theluthi au zaidi. Mnaposikia habari hizi huko nyumbani mnadhani watu wameukata. Wengine walikuwa wazee wa miaka 70 ambao ndoa zimeshavunjika na ini limeshaisha kwa pombe.

Na wengine hata hawafiki huko. Majimbo ya Kanisa zaidi ya 30 huku Marekani yamekwenda mahakamani kutangaza kufilisika, na jimbo likishatangaza hivyo kesi zote zinasimama, hakuna askofu anayepandishwa kizimbani kuulizwa ulijua lini, kinachobaki ni mawakili na kampuni za bima kuvutana juu ya nani alipe ngapi. Jimbo la Rockville Centre pale New York walitangaza 2020, makubaliano ya dola milioni 323 yakaja 2024. Miaka minne watu wanangoja, wengine wakafa kwenye foleni.

Halafu kuna McCarrick, aliyekuwa kardinali na Askofu mkuu wa Washington. Huyu nakutajia kwa sababu alikuwa mkubwa kuliko wewe. Mwaka 2005 na mwaka 2007 majimbo ya New Jersey yalilipa watu wawili waliomlalamikia, kimya kimya, yule mtu akaendelea kuwa kardinali, anasafiri, anapokea tuzo, anachangisha hela, mpaka 2018. Mwaka 2019 ndio akavuliwa upadri. Malipo yale mawili jumla hayakufika hata dola laki mbili. Huo ndio mfano wenu wa kumalizana vizuri.

Nisikudanganye Baba Askofu, hela naihitaji. Sitaki mtu aseme huyu anajifanya mtakatifu. Nimelipia washauri wa akili hapa kwa dola ambazo ningejengea nyumba, bima inagusa kidogo tu nyingine unatoa mfukoni, nimeacha chuo nikiwa nusu kwa sababu siku nyingine nilikuwa siwezi kutoka kitandani, mke wangu alivumilia vumilia mwisho akachoka kuishi na mtu anayeruka usingizini akiguswa bega, na mpaka leo nikisikia harufu ya ubani natoka nje, kwa hiyo hata Misa kwangu ni mlangoni. Watoto wangu wananiuliza kwa nini baba anakaa nje kama mlinzi. Milioni 15 haifidii hata huo mlango, lakini ingemlipia mama dawa, ingemwezekea paa. Najua mnajua hilo, ndio maana mlimfuata yeye na sio mimi.

Na hizo milioni 15 zimetoka wapi? Ni zaka. Ni sadaka ya mama huyohuyo, mahindi anayobeba siku ya mavuno, ile bahasha ya jumuiya anayosomewa kwa jina mbele ya watu akichelewa. Mnamlipa kwa hela yake ili asimtaje aliyemuumizia mtoto. Boston angalau 2004 waliuza makazi ya Askofu mkuu na eneo lake kwa chuo cha Boston College, kama dola milioni 99, Askofu mkuu akahama. Sijasema uuze jumba la uaskofu, sijafika huko. Gari moja la pale uani lingetosha kulipa wote ninaowajua.

Maana hatuko wachache. Nilipokuja likizo nilikwenda polisi, dawati la jinsia na watoto, nikakutana na askari dada mmoja aliyenisikiliza vizuri kuliko mtu yeyote wa kanisa, akaniambia sheria iko wazi, tangu SOSPA, ile sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998, hakuna mchezo, na kwa alichonifanyia mimi, kwa mtoto, sheria ya leo ni kifungo cha maisha, ila mambo ni ya zamani, tafuta hata mwenzako mmoja aliyeona au aliyetendewa. Nilimtafuta nikampata. Akakubali, akalia, akasema hata yeye alikuwa anangoja mtu aanze. Tukapanga siku ya kwenda kuandika maelezo. Siku yenyewe simu ikawa haipatikani. Baadaye nikasikia amepaua. Simlaumu hata kidogo, ana watoto, na sina ushahidi kwamba ni nyie, nakisia tu, lakini mtu aliyekuwa hana hela ya nauli anapaua vipi ndani ya mwezi mmoja? Kama alisaini karatasi kama yangu basi kesi yangu mliinunua kutoka kwake. Ndio maana nasema haya malipo hayahusu mimi na wewe peke yetu. Kila anayesaini anamfungia mlango anayekuja nyuma yake.

Nchini kwetu tunayo historia pia, msijifanye haya ni mambo ya wazungu wa mbali. Soni, Lushoto, kulikuwa na shule ya bweni ya mapadri Warosmini, watoto wa wazungu walisoma pale miaka ya 1960, na wale wavulana wakiwa wazee sasa ndio wakasema waliyotendewa. Mmoja wa mapadri wale, Kit Cunningham, alikuja kuwa paroko maarufu London, akapewa hadi nishani ya Malkia, akairudisha kabla hajafa mwaka 2010. Akazikwa kwa sifa nyingi bila neno juu ya walichokijua wakubwa wake, mpaka BBC ikaonyesha 2011. Wale walitaka nini kwanza? Wataje. Waseme hadharani yalitokea. Na wao walikuwa na BBC, walikuwa na mawakili wa London. Najiuliza sisi wa seminari ya huku porini atatuonyesha nani.

Sasa nikugeuzie maandiko yenu wenyewe. Mei 2019 Papa Fransisko alitoa sheria, Vos estis lux mundi, akataka kila jimbo duniani ndani ya mwaka mmoja liwe na njia ya wazi ya watu kupeleka malalamiko haya. Yetu iko wapi? Nimeuliza paroko, hajui. Nimeuliza katekista, akadhani naulizia kwaya. Sheria hiyohiyo, na walipoirudia 2023 wakaitia nguvu zaidi, inasema anayetoa taarifa, anayesema ameumizwa, pamoja na mashahidi, hawaruhusiwi kuwekewa sharti la kunyamaza. Desemba 2019 Fransisko akaondoa kwenye kesi hizi na ile siri ya kipapa, kanuni iliyokuwa inazifanya ziwe za siri. Na maaskofu wa Marekani tangu mwaka 2002 pale Dallas walijiwekea kwamba jimbo lisiingie makubaliano ya kufunga watu midomo, isipokuwa aliyeumizwa mwenyewe ameomba iwe siri na ombi lake liandikwe humo. Mimi sijaomba. Mama hajaomba. Sasa Mhashamu, ile karatasi mliitoa kwa sheria ya Kanisa lipi? Au mtoto wa Kiafrika hayumo?

Ulipowekwa wakfu ulisema pale uwanjani, mvua ikinyesha, mimi nilifuatilia redioni kwa intaneti, kwamba ofisi yako haitakuwa na mlango kwa mnyonge. Nilishangilia kweli. Mlango upo Baba, na una mlinzi na daftari.

Ninachotaka nilishaandika kwenye barua za mwanzo lakini narudia kwa kuwa huenda katibu hakukusomea. Nataka faili lake la miaka ile, nione nani alilalamika kabla yangu na gombera, mkuu wa seminari, wa wakati ule aliandika nini, kwa sababu nilimwambia gombera, nikiwa mtoto, akanipa adhabu ya kulima. Nataka wenzangu waliosaini waachiwe huru kusema. Nataka msimguse mama yangu tena, mkitaka kuongea namba yangu mnayo. Hela, ikiwa mnatoa, itoke bila masharti, ilipe matibabu ya kila atakayejitokeza, na jina la aliyefanya lisomwe kanisani kama mnavyosoma ya wasiolipa zaka.

Najua utasema ni mengi. Utasema uchunguzi, utasema tusihukumu, utasema shetani analiandama Kanisa. Sawa. Basi acha yote. Faili bakini nalo mpaka jaji mmoja aamke. Milioni 15 mnunulie bwalo masufuria. Hata usiniombe radhi, nimeshazoea. Ila huyu mtu asiende kwenye lile bweni. Mpe parokia ya wazee, mpe maktaba, mpe likizo ya afya kama mnavyofanyaga, mpeleke popote pasipolala mtoto wakati polisi wanafanya kazi yao. Uliandika barua moja kumpeleka, unaweza kuandika moja kumtoa, haihitaji kikao wala harambee.

Kidato cha kwanza wanaripoti Januari. Mtoeni kabla hawajafika. Karatasi sijasaini na mama hajasaini, na haitasainiwa. Mtoeni Baba Askofu.

Wako katika Kristo, bado,

Mwanafunzi wa zamani wa seminari yako ndogo,
Massachusetts, Marekani

Nakala:
Ubalozi wa Papa, Dar es Salaam
Dawati la jinsia na watoto, polisi wilayani kwetu
Wazazi wote wa kidato cha kwanza
Grupu la waliosoma seminari (admin naomba usinitoe, mchango wangu ndio huu)